Magidu Afundishwa Kutoshika

Magidu alikuwa mtu wa kushika. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya lori la Wahabu, mfanyabiashara wa kahawa, na kupokea kila kilichorushwa kutoka chini: magunia ya kahawa kutoka Kyondo, vikapu, hata mbuzi mwenye hasira. Sheria ya wapakiaji ni moja. Wa chini akisema "Shika!", wa juu anashika, maana asiposhika mzigo unamrudia mwenzake kichwani. Kwa kazi hiyo Magidu hakuwa na mpinzani kati ya Kasese na Bwera, na hakuchoka kutukumbusha.

Reli ilipofika Kasese na wachimba shaba wakajaa Bulembia, mpira wa wavu ulikuja nao, na Magidu akataka kucheza. Alikuwa mfupi, kwa hiyo kupiga hakuweza. Byamugisha, askari wa zamani aliyetufundisha, akamfanya mpandishaji, yule anayeuinua mpira kwa ncha za vidole ili mpigaji auponde. Mpigaji wetu alikuwa Turyahikayo, mrefu kama mlingoti, na akili zake pia zilikuwa za mlingoti.

Tatizo ni kwamba kila mpira uliomjia Magidu aliukumbatia. Filimbi inalia, pointi inakwenda. Siku moja aliukumbatia huku akisema "Nimeshika," nasi tukacheka mpaka tukakaa chini. Byamugisha hakucheka.

"Wewe, mpira hapana gunia," alimwambia. "Siku ya mechi kule Bwera ukishika mara moja tu, unatoka. Unabeba maji ya timu."

Magidu aliumia sana. Miaka yote watu walimwona kama gunia la mwisho juu ya magunia mengine, na sasa kwa mara ya kwanza walikuwa wanakuja kumtazama yeye. Hakutaka kupewa ndoo.

Byamugisha akabuni dawa, na dawa ilikuwa jikoni. Hajara, mke wa Magidu, alikuwa akikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo. Kila jioni Magidu alikunja magoti, akainua mikono juu ya paji la uso na kutanua vidole. Hajara aliipua kabalagala kutoka kwenye mafuta, akamrushia na kupaza sauti, "Shika!" Naye alitakiwa kuisukuma juu kwa vidole tu, itue kwenye beseni aliloshika Turyahikayo. Akishika, anaungua. Aliungua kwelikweli. Hajara alifurahia mazoezi hayo kuliko inavyompasa mke, na Turyahikayo akanenepa.

Tukaenda Bwera kwa lori la Wahabu siku ya soko. Kiongozi wao, Muniru, alikuwa mpakiaji vilevile, kwa hiyo aliujua ugonjwa wa Magidu. Tukiwa sare, mpira wa mwisho ulipopanda, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya wavu: "Shika!" Niliona viwiko vya Magidu vikianza kujifunga. Kisha vidole vikafunguka, mpira ukainuka taratibu, na Turyahikayo akauponda, tukashinda. Magidu alilia mbele za watu wote, wala hakujificha.

Zawadi ilikuwa jogoo. Wahabu alikuwa na haraka ya kurudi, na Magidu alikwisha panda juu ya lori lililosimama kando ya mto Lubiriha. Muniru, mshindwa muungwana, akamleta jogoo na kumrusha juu kama wapakiaji wanavyorushiana.

"Shika!"

Magidu akakunja magoti. Vidole vikafunguka juu ya paji la uso, jogoo akapaa vizuri sana, na Turyahikayo, aliyekuwa juu ya lori pamoja naye, akaruka mkono juu kumponda, akamkosa. Jogoo akakunjua mabawa, akatua upande wa pili wa mto, Kongo.

Byamugisha, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alitoa filimbi mdomoni.

"Hiyo ndiyo iko sawa," alisema.

Magidu alisimama juu ya magunia akitabasamu kama bwana harusi. Chini, Wahabu alikwisha anza kuuliza watu wa Bwera nani kati yao anajua kushika.