Habari Niliyoiandika Bila Kufika

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na kujiona najua kila kitu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, Jangwani pamejaa maji, na watu waliotoka Magomeni waliingia Kariakoo wamebeba viatu mkononi. Mimi nilikuwa mkavu, nimekaa ofisini ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge, nakunywa chai na vitumbua. Ndipo Mzee Aloisi alipopanda ngazi, gazeti letu likiwa limekunjwa kwapani.

Ngoja kwanza nikueleze mimi nilikuwa nani, maana ninyi mnanijua kama Bibi Rukia wa kulalamikia kelele za spika. Nilikuwa mwandishi wa habari. Gazeti lenyewe lilikufa zamani na jina lake halina maana tena. Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa habari za mikoani. Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa nasafiri. Wapi! Mtoto wa Kariakoo mimi, nimezaliwa na kukulia hapa, na shamba nililijua kwa kuona magunia yakishushwa. Habari nilizipata kwa madereva wa malori ya nafaka, kwa wasafiri, na kwa simu ya mezani iliyokuwa ikikatika kila baada ya maneno matatu. Mvua imenyesha wapi, diwani yupi kagombana na nani, ng'ombe wa nani wamekula mahindi ya nani. Niliandika haraka na kwa lugha tamu, na mhariri wangu alinipenda.

Wakati huo wilaya moja ya wakulima ilikuwa na mambo mawili kwa mpigo: uchaguzi mdogo wa ubunge, na kipindupindu. Jina la wilaya naliacha, kwa sababu waliohusika wana watoto na wajukuu. Ugonjwa ulikuwa umekamata kijiji kimoja chenye gulio kubwa, mahali ambapo wakulima wa kata nzima huleta mahindi na maharage kila Jumamosi. Gulio lilifungwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliacha kupeleka malori.

Siku moja akaja ofisini kijana nadhifu, shati jeupe, msaidizi wa mmoja wa wagombea. Alikuwa amekuja mjini kuchapisha fulana na kofia za kampeni. Akavuta kiti kama tunafahamiana.

"Dada, kule kwetu ugonjwa umekwisha," akasema. "Mgombea wetu kahangaika mpaka dawa zimefika. Zahanati imejaa dawa. Jumamosi gulio linafunguliwa. Waambie watu waje."

"Una hakika?"

"Nimetoka kule juzi, dada yangu. Macho haya yameona."

Hilo ndilo swali pekee nililouliza, mwanangu. Sikumuuliza jina la muuguzi wa zahanati. Sikumuuliza kama alifika kijijini au aliishia mjini, makao makuu ya wilaya. Na kwenye daftari langu ilikuwemo namba ya simu ya misheni iliyo jirani na kijiji kile. Niliitazama. Nikajiambia kwa mvua hii laini ya simu itakuwa mbovu, na sikuinua mkono wa simu hata mara moja. Kulikuwa na nafasi ukurasa wa tatu, na mhariri alikuwa anataka habari njema. Nikaandika kwamba kipindupindu kimetoweka, zahanati ina dawa za kutosha, wananchi wanarudi kwenye shughuli zao. Jina langu likawekwa juu.

Sasa turudi kwa Mzee Aloisi. Alikuwa Mchaga wa Rombo, mfanyabiashara wa nafaka kwa jumla, mtu wa kanisani, mpole, mwenye duka nyuma ya soko. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakupaza.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Rukia ni nani hapa?"

"Ni mimi."

Akalikunjua gazeti juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye habari yangu. "Hii uliiandika wewe?"

"Ndiyo mzee."

"Ulifika?"

"Hapana."

"Ulimpigia nani?"

Nikalifunga daftari lenye namba ya misheni. Akaketi kwenye kiti kile kile alichokalia yule kijana wa fulana.

"Mimi nilikuwa nimezuia lori langu," akasema. "Nikasoma hapa kwamba kumetulia, nikamwambia dereva wangu Saidi, nenda. Kaenda gulioni, kala, kanywa maji na wenzake. Sasa yuko hospitali ya wilaya, hawezi kukaa. Mke wake anakaa Buguruni, nimetoka kumwambia sasa hivi. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, nani alikwambia kumetulia? Nikaona nije nimtazame huyo aliyeniambia."

Nikaanza kujitetea. Nikasema niliambiwa na mtu aliyetoka huko, nikasema sisi waandishi tunategemea watu.

"Binti," akanikatiza, "mimi sitaki kujua uliambiwa na nani. Kesho asubuhi lori langu jingine linapeleka sabuni, ndoo na dawa ya kutibu maji. Mbele pana nafasi ya mtu mmoja. Utakwenda, au utabaki hapa unaandika?"

Mama yangu alilia aliposikia. Mhariri akasema sina ruhusa. Nikaenda.

Sitakusimulia safari. Tulifika siku ya pili saa nne asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona kijijini ni ukimya. Gulio lote lile, vibanda vitupu, mbwa mmoja amelala katikati. Kitu cha pili ni gazeti. Ukurasa wangu wa tatu ulikuwa umebandikwa kwa uji wa unga kwenye mlango wa ghala la ushirika, umekunjamana kwa mvua, na mtu alikuwa ameupigia mstari wa kalamu chini ya maneno "dawa za kutosha".

Zahanati ilikuwa vyumba viwili. Wagonjwa walikuwa wamelala mpaka barazani. Muuguzi aliitwa Tabu, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliponiona na daftari akasema, "Kama ni wa kampeni, pita." Nikamwambia mimi ni mwandishi. Nikamtajia gazeti.

Akasimama, ndoo ya maji ya chumvi na sukari mkononi.

"Dripu ziliisha kabla hamjaandika," akasema. "Nilikuwa nimekataza watu kisima cha bondeni. Wiki mbili nazunguka nyumba kwa nyumba, wakanisikiliza, wakawa wanachemsha maji. Ugonjwa ukaanza kupungua, ni kweli. Kisha likaja hilo gazeti lenu na lori la kampeni. Nikiwaambia msinywe, wananijibu gazeti la Dar limesema umekwisha. Mimi nani mbele ya gazeti la Dar?"

Akanipa ndoo. "Shika. Kikombe kimoja kila mtu, polepole, usimlazimishe."

Nikashika. Ndivyo nilivyoanza kazi yangu ya kwanza ya maana.

Siku tatu nilizokaa pale nilimnywesha kila aliyenijia mbele. Siku ya pili akaja mwanamke aitwaye Mama Neema. Hakuwa mgonjwa, alikuja kuchukua shuka ya mumewe aliyefariki siku mbili kabla sijafika. Mume wake alikuwa hajui kusoma, na yeye ndiye aliyemsomea habari ile pale mlangoni pa ghala. Alimsomea kwa furaha, akaniambia, kwa sababu walikuwa na magunia ya maharage yaliyoanza kuingia wadudu. Jumamosi ile mumewe akayapeleka gulioni.

"Wanasema wewe unatoka gazetini," akasema. "Unamjua huyo Rukia?"

Mwanangu, nataka ujue kilichopita moyoni mwangu. Hakuna mtu pale aliyekuwa ametaja jina langu. Nesi Tabu aliniita "dada wa gazeti" tu. Ningeweza kusema simjui. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulitengeneza neno hilo. Nikamtazama, ameikumbatia ile shuka, anasubiri jibu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika bila kufika. Nisamehe, mama."

Hakunipiga, hakunitukana. Akasema, "Samahani yako sijui niiweke wapi." Akaondoka na shuka yake. Sikumwona tena, na sijawahi kusikia kwamba alinisamehe. Nakwambia hili ili usidhani kila kosa lina mlango wa kutokea.

Jioni ile nikafungua daftari. Nikaamua kwamba nitakachoondoka nacho kijijini hakitakuwa na neno hata moja nisiloliona. Nilipita nyumba kwa nyumba na Nesi Tabu. Nilikwenda kisimani nikaona choo kilichobomoka kwa mvua kikitiririkia bondeni. Nilihesabu vitanda. Nilifungua kabati la dawa kwa mkono wangu, nikaandika kilichokuwemo: pamba, chupa moja ya spiriti, na kalenda yenye picha ya mgombea. Kila aliyenieleza jambo nilimsomea nilichoandika, na aliposema sivyo, nikakata nikaandika upya.

Niliporudi Dar, matope yakiwa bado kwenye sketi, nikaiweka habari mezani kwa mhariri. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba habari iliyotangulia ilikuwa ya uongo, na kwamba mimi niliyeiandika sikufika.

Akasoma, akavua miwani. "Rukia, haya ya zahanati tunaweza kuyatoa. Lakini hii sentensi ya kwanza iondoe. Kwanza unaliaibisha gazeti. Pili, uchaguzi ni wiki ijayo. Tatu, ukiitoa hii hakuna atakayekupa kazi mji huu."

"Ukiiondoa hiyo, watu wataamini ipi?" nikamuuliza. "Kule ya kwanza bado iko mlangoni."

"Wewe ni mtoto. Utaolewa, utasahau."

"Mzee, kama haitoki yote, nitaiandika kwa mkono nibandike sokoni, kila mlango wa kuingilia. Nikimaliza nitakwenda soko la samaki la Feri, nako nibandike."

Nilikuwa sitanii, na yeye aliliona hilo. Alikaa nayo siku nzima. Ikatoka kesho yake, yote, ukurasa wa kwanza, chini upande wa kushoto. Yule kijana wa shati jeupe alikuja akasimama mlangoni, akaniambia nitajuta. Mzee Aloisi, aliyekuwa amekuja kununua nakala za kupeleka na lori lake, akamwambia, "Kijana, kama una jingine uliloliona kwa macho, kaa uliseme." Hakukaa.

Dawa zilifika kijijini wiki hiyo, gari mbili, pamoja na wataalamu wa maji waliokifunga kisima. Mgombea yule alishinda. Usifikiri ukweli unashinda kila kitu siku ile ile. Saidi alipona, akarudi Buguruni amekonda, na kwa miaka mingi akiniona sokoni aliniita "mwandishi wa maji". Mimi niliondolewa habari za mikoani, nikapelekwa kuandika mazoezi ya mpira kule Jangwani, mwaka mzima nikiwaandikia watu nani kaumia goti. Nililiangalia kila goti kwa macho yangu.

Sasa sikia kilichonifanya nikuite. Jana ulinichezea kwenye simu sauti ya mtu asiyetaja jina, anasema wilaya fulani chanjo za watoto zina sumu na kwamba ni njama za chama fulani kabla ya uchaguzi. Nikakuuliza umeipata wapi. Ukanijibu, "Bibi, inazunguka tu, mimi nimeiforwadi kwenye grupu." Ulisema hivyo unacheka. Sikukufokea, kwa sababu nilikuwa najitazama mimi mwenyewe, na chai yangu, na vitumbua vyangu.

Mwanangu, huko unakopeleka hiyo sauti kuna mama ana mtoto mgongoni na kilomita kumi za kutembea hadi kliniki. Akiisikia, atageuka arudi nyumbani. Wewe hutamwona akigeuka. Kwa hiyo kabla ya kidole chako kubonyeza, jiulize maswali niliyoulizwa mimi: ulifika? Ulimpigia nani? Kama majibu huna, nyamaza. Kunyamaza hakujamuua mtu kisimani. Na kama umeshatuma, usifute kimyakimya ukajidai hukuwepo. Rudi kwenye grupu lile lile, mbele ya watu wale wale, andika: niliyotuma jana sina hakika nayo, nilikosea. Watakucheka. Waache wacheke. Wewe andika. Fanya leo, usingoje mtu apande ngazi kukutafuta.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi unaotoka kwenye jambo ulilolijua, akupe moyo wa kusema "ni mimi" mtu anapokuuliza, na akulinde wewe na kila atakayeliamini neno lako. Amina.