Mwanamke Anayesoma Upepo wa Piatra Surie

Saa mbili kasorobo asubuhi Veturia Hosu anajifunga kamba kiunoni, anausukuma mlango kwa bega, na upepo unamrudisha ndani hatua tatu. Anacheka. Anainama, anaanza upya, safari hii ametanguliza kichwa kama beberu.

Kutoka mlangoni hadi kwenye vyombo vya kupimia upepo ni mita ishirini tu. Leo zinamchukua dakika kumi na moja, kwenda na kurudi.

"Upepo huu haupigwi ngumi," anasema akiwa amerudi, nyusi zimeganda nyeupe. "Unaupa heshima yake, nao unakupisha."

"Siku usipokupisha, kamba nimeishika mimi," anadakia mwenzake, Achim Brad, akiwa jikoni anasonga ugali wa mahindi. "Na mimi mkono unaniuma, bibie. Usinizoee."

Veturia, mwenye umri wa miaka 56, ni mpimaji wa hali ya hewa katika kituo cha Piatra Surie, kilichoko kileleni, mita 2,190, katika milima ya Carpathia nchini Romania. Kila saa yeye au Achim hutoka kusoma upepo, baridi na kina cha theluji, kisha hutuma namba mjini. Humo ndimo unamopikwa utabiri wa mkoa mzima, ule ambao watu wa bondeni husikiliza wakinywa chai kabla ya kuamua kama watasafiri.

Wiki moja juu, wiki moja nyumbani. Ameishi hivyo miaka 29. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilichukuliwa na baridi.

Lakini siku anayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi moja ya Februari mwaka jana, msimu wa harusi kabla ya Kwaresima.

Asubuhi hiyo utabiri ulikuwa wa tahadhari ya manjano, ile ya chini: theluji kiasi, upepo utatulia kufikia mchana. Kwa kweli, kwenye kompyuta za mjini upepo wa Piatra Surie ulikuwa umeshatulia. Ulisomeka sifuri.

"Mimi nipo ndani, kuta zinalia kama ng'ombe anayezaa, halafu naambiwa sifuri," anasimulia.

Akatoka. Ukungu ulikuwa unaganda juu ya kila ulichokigusa. Alitambaa hadi kwenye mlingoti, akakikuta kipima upepo kimefungwa ndani ya barafu nene kama paja la fahali. Alilala kifudifudi, akaigonga barafu kwa nyundo ya mbao hadi kikaanza kuzunguka.

Kisha ukungu ukafunguka kidogo, akaiona barabara inayovuka mlima. Upepo ulikuwa unaifagia theluji yote ya upande wa pili wa mlima na kuirundika kwenye mteremko ulio juu ya njia, tabaka juu ya tabaka, tayari kuporomoka. Anasema ilikuwa nzuri kiasi cha kumtoa machozi, na machozi yakaganda.

Akampigia simu Horia Pleșa, mtabiri wa zamu mjini.

"Horia, kaka, futa manjano. Weka nyekundu."

"Dada Veturia, huku naona upepo umekufa."

"Kilichokufa ni kipimo. Nimekivunjia barafu sasa hivi. Kilomita mia moja sabini na nne kwa saa."

Horia akaiandika namba hiyo.

"Una hakika?"

"Nimesoma nikiwa nimelala kifudifudi, Horia. Hakuna anayedanganya akiwa amelala hivyo."

Saa tano na dakika ishirini barabara ikafungwa. Basi la kwanza kusimamishwa kwenye kizuizi lilikuwa na watu 43, wote wa harusi, na bibi harusi Ruxandra akiwa kiti cha mbele. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya mlima. Baba yake, Mzee Toderaș, alimnyang'anya mlinzi simu na kupiga kituoni.

"Wee mama, hapa hata kofia haipeperuki! Padri anatungoja!"

"Aendelee kungoja."

"Unamwaibisha binti yangu!"

"Nichukie, baba," Veturia akamjibu. "Lakini nichukie ukiwa mzima."

Alimkatia simu. Anakiri alijiuliza: je, kama mlima hautafanya kitu? Nani atamwamini mara ya pili?

Saa saba na robo sakafu ya kituo ikatikisika. Hawakuona kitu, maana nje palikuwa peupe tupu. Walisikia kwanza kwa nyayo, kisha kifuani, ngurumo ndefu ya mlima mzima ukijivua theluji. Achim akavua kofia.

"Sikufurahi kwamba nimepatia," Veturia anasema taratibu. "Nilijiona mdogo. Mdogo kabisa, kama punje. Nikashukuru kwamba nimeruhusiwa kusikia."

Theluji ilifukia mita mia tatu za barabara, kina cha nyumba ya ghorofa mbili. Upande wa pili wa kizuizi, wageni 43 walifungua masufuria ya kabichi iliyofungiwa nyama, wakala, wakacheza ndani ya basi. Ndoa ilifungwa siku nane baadaye.

Mzee Toderaș alipanda mwenyewe kileleni majira ya kiangazi akiwa na jibini zima, la duara kama gurudumu, begani. "Alinitukana, akaniletea jibini," anasema Veturia. "Nimepokea vyote viwili."

Wiki hii tena tahadhari ni nyekundu kwa siku tatu: upepo, barafu, na theluji ya sentimita sitini. Siku hizi Horia humpigia simu kabla ya kutangaza.

Ruxandra anatarajia mtoto mwezi Machi, na amemwomba Veturia, ambaye hakujaliwa kuzaa, awe mama wa ubatizo. Ubatizo umepangwa Jumapili ya kwanza ya Mei.

"Mei huku theluji bado ipo, bibie," Achim anamkumbusha akipakua ugali. "Utashukaje na gauni?"

Veturia anatazama dirisha lililofunikwa barafu.

"Kwa kuteleza kwa matako, ikibidi," anasema. "Lakini nitafika."