Sura Ndefu ku Kioo Kipya

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Chef wa atelie, mukubwa wa karakana yetu, hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa. Tulikuwa tunatengeneza televisheni hapa mtaani Nyawera, nyuma ya soko, na mimi nilikuwa mwanamuke peke yangu kati ya wanaume sita. Nikafuta vioo mpaka saa sita ya mchana, hasira imenikaa ku shingo. Ndipo akaniita, akawasha televisheni moja. Picha yake ilikuwa ndogo, na weusi umeizunguka. Nyuma kulikuwa vifungo viwili: kimoja kinarefusha picha, kingine kinaipanua.

"Muteja alinunua kioo kizima," akaniambia. "Ukimurudishia na weusi pembeni, atasema umekula kipande. Picha ijaze, maman. Bord à bord, ukingo mpaka ukingo."

Nikaijaza. Akaitika kwa kichwa, akaenda kula. Kanuni hiyo niliishika kama katekisimu, na ilinilisha miaka mingi.

Kisha Préfet, mukubwa wa shule moja, akapata kompyuta mbili, na hakuna aliyejua kuziwasha. Nikaitwa. Préfet alikuwa mutu wa maneno machache. Kila asubuhi alipitisha kichwa mulangoni, akauliza, "Inawaka?" Nikisema ndiyo, anaenda zake. Nilijifunza kazi ile kwa kusoma kitabu cha mashine na, sisemi uongo, kwa kuharibu. Vita ya kwanza ilipofika tulikimbia. Tuliporudi, kompyuta hazikuwepo. Nilikuta tu alama za miguu ya mashine mu vumbi ya meza.

Mu vita ya pili nikaingia biro ya kanisa, ofisi iliyotafutia wazazi watoto waliopotea. Vijana, musione hiyo kama kazi ndogo. Watu walikimbia usiku, mama huku, mutoto kule. Ajenti wetu walipiga watoto picha kule walikookotwa, picha zikaja mu CD, na wazazi wakaketi mbele ya kompyuta kuziangalia moja moja. Mukubwa wetu alikuwa Maman Directrice, mwanamuke mupole ambaye hakusahau jina la mutu.

Tulikuwa na laptop moja, pana lakini fupi, na wazazi walisukumana mbele yake. Mugeni mumoja akatuletea kioo cha nje, kikubwa, karibu cha mraba, cha kuunganisha na waya. Hapa nieleze. Picha ya kompyuta inapangwa kwa vitone, na kila kioo kimezaliwa na hesabu yake: vingapi kwa upana, vingapi kwa urefu. Ukikipa hesabu yake, picha inakuwa safi na ya kweli. Ukikipa hesabu ya kioo kingine, kinadanganya. Leo mashine zenu zinajipima zenyewe. Zetu zilikuwa na kichwa kigumu.

Nilipounganisha, picha ikatokea na mikanda miwili ya weusi, juu na chini. Weusi, na mimi mwanafunzi wa Chef! Nikafinya kifungo cha kioo mpaka picha ikavutwa, ikajaza. Maman Directrice akanisifu mbele ya biro nzima, nikavimba kichwa wiki mbili.

Maman Feza alikuwa mukulima wa Mwenga. Binti yake Feza, wa miaka sita, alipotea njiani walipokuwa wanakimbia. Jumatatu aliangalia picha zote, hakumuona. Jumatano vilevile. Ijumaa alikuja na mufuko wake, maana lori ya kurudi Mwenga ilikuwa inaondoka saa sita, na watoto wengine walikuwa wanamungoja. Tena watoto wa picha zile, zilizotoka Uvira, wale ambao hakuna aliyewatambua, wiki ile ile walikuwa wanagawiwa kwa familia za kuwalea, kila mumoja upande wake. Akiondoka bila kumuona, kumupata tena kungekuwa shida mara kumi.

Nilikuwa pembeni nasafisha printa. Picha zikapita moja moja. Mwisho akasema, "Hapana. Hawa wote wana sura ndefu. Wangu iko na sura ya sahani."

Maman Directrice akamushika bega. "Ni njaa, maman. Vita imewakondesha."

Sote tuliamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemuambia mama mwingine maneno yale yale. Kwa kuogopa kukutana na macho ya Maman Feza, nikaangalia kioo. Nyuma ya mutoto wa mwisho kulikuwa baiskeli imeegemea ukuta, na gurudumu lake halikuwa duara. Lilikuwa yai. Njaa inakondesha mutoto, lakini haikondeshi gurudumu la baiskeli.

Nikaacha printa. "Maman, ungoje," nikamuambia. "Kosa iko langu."

Ilikuwa saa nne. Nikafungua orodha ya vipimo mu laptop: hesabu ya kioo kikubwa haikuwemo. Nikazima, nikawasha. Haikuwemo. Nikatukana mashine ile kwa Mashi, luga yetu ya nyumbani, na Mungu anisamehe, biro ilikuwa ya kanisa. Saa tano ikapita. Maman Feza alikuwa ameketi, mufuko ku mapaja, ananiangalia mikono. Ndipo nikaona kwamba orodha inakomea sawasawa ku hesabu ya laptop yenyewe. Vioo viwili vilikuwa vinaonyesha kitu kimoja kwa pamoja, na kile kidogo ndicho kilikuwa kinakibana kikubwa. Nikafinya vifungo viwili kukizima kile kidogo. Laptop ikawa giza, na Maman Directrice akashika kichwa, akidhani nimeiua. Nikafungua orodha tena: hesabu ya kuzaliwa ilikuwa pale, ya mwisho chini. Nikaichagua.

Gurudumu likawa duara. Picha ya mutoto, nyembamba kuliko kioo, ikaacha weusi kidogo pembeni, mukono wangu ukataka kwenda ku kifungo, nikaukatalia.

Tukaanza tena toka mwanzo. Ku picha ya tisa Maman Feza akainama mbele, halafu akacheka. Ndiyo, alicheka kwanza.

"Feza huyu," akasema. "Amenona. Nani anamulisha mutoto wangu hivi?"

Kisha akalia, na sisi wote tukalia naye. Lori ikaenda bila yeye; alibaki tupange naye safari ya kumufuata binti yake.

Jioni nilimueleza Maman Directrice kila kitu, kifungo na kiburi changu, nikingoja kufukuzwa. Hakupandisha sauti. Alisema niandike majina ya wote waliokaa ku kiti kile tangu kioo kifike, tuwaite tena kupitia makanisa ya paroisi zao. Wengi walirudi, na wawili wakapata watoto wao. Wengine walikuwa wameenda mbali, habari haikuwafikia. Hao ninawakumbuka mpaka leo, na sitaki kuwaficha.

Sasa niko na pensheni, magoti mabaya, na furaha nyingi kuliko nilivyostahili. Feza ni mwalimu ku shule ya Mumosho, na kila Mwaka Mupya anakuja kunitembelea na mama yake. Mwaka huu mukwe wangu alishika rimoti ya televisheni, akaniuliza: "Maman, kuna weusi pembeni. Nikujazie?"

Nikamuambia auache, watu wabaki na sura zao. Jikoni, Feza akasikia, akacheka.