Kofia ya Sayyid na Chetezo cha Zuwena

Nilikwenda Maskati kumtoa mdogo wangu mdomoni mwa Sayyid. Nasema hivyo hivyo, sipambi. Ilikuwa miaka michache baada ya sisi kutawanyika kutoka Unguja. Mimi nikaangukia Mombasa. Huyo mdogo wangu, Zuwena, mjane asiye na mtoto, akaenda Matrah, ubavuni mwa Maskati, kwa ami yetu Seif. Wasafiri wakaleta habari: Sayyid Hilali, mtu wa nasaba na mashamba ya mitende, haondoki mlangoni kwake, na ndoa hakuna aliyeisikia. Mume wangu akanambia nende nikamrudishe kabla jina halijachafuka.

Baharini sina la kusimulia ila kutapika. Bombay tulibadilisha meli, nikatapika upya.

Matrah meli hutia nanga mbali, tukashushwa kwa mashua. Milima mitupu, myeusi, imeuzunguka mji kama ukingo wa chungu, na joto lake ndilo hilo la chunguni. Ami Seif alinipa tende, kisha akanipa habari. Zuwena hushona kofia apate riziki yake. Sayyid aliagiza moja, na tangu siku hiyo hachoki kuirudisha: mara inabana, mara inapwaya. Nikamuuliza ami, kichwa cha Sayyid ni mwezi, kinakua na kupungua? Ami akacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya pili, alasiri, ami yuko msikitini, natoka jikoni nawakuta ukumbini. Sayyid amekaa, kilemba kakiweka pajani, jambia la fedha kiunoni, ndevu zinang'ara mafuta. Zuwena yuko nyuma yake, mtandio kaufunga vizuri, anampima kichwa kwa uzi. Ngozi haikugusa ngozi, hilo nashuhudia. Lakini uzi ulikuwa unatetemeka. Sayyid kafumba macho kama paka anayekunwa, na jasho limemtoka mdogo wangu juu ya mdomo, pumzi zake nazisikia kutoka mlangoni. Nimeolewa, nimezaa, moto nnaujua.

Nikamwambia Sayyid kichwa kimeshapimika. Kesho aje aseme na wazee.

Alipotoka nilimgombeza Zuwena mpaka nikachoka mimi. Alisubiri nimalize.

"Nnampenda, dada. Akileta kadhi, nitakaa. Asipomleta, tutaondoka pamoja."

Kesho yake Sayyid alikuja kweli, ananukia kutoka mwanzo wa kichochoro. Kadhi hayupo. Akakaa, kilemba akakivua, akakiweka kando pamoja na ile kofia. Ami akamuuliza anataka nini katika nyumba yake. Akajibu kwa kuyasifia macho ya Zuwena. Ami akataja nikaha; yeye akataja mitende yake. Akatajiwa mahari, akasema mambo mazuri hayana haraka. Maneno yake matamu kama halwa, na kama halwa, yalininata menoni.

Zuwena alikuwa nyuma ya pazia, anayasikia yote. Kahawa haijamiminwa, akatoka na chetezo mkononi, makaa yamewaka, udi unafuka, akakiweka mbele ya Sayyid. Damu ilinipanda kichwani. Kwetu Unguja mwanamke humfukizia udi mumewe, chumbani. Sayyid naye akatabasamu, akatanua mikono ya kanzu yake moshi uingie.

Ami akasimama. "Sayyid, udi umeshakuja."

Ndipo nilipojua desturi ya kule: udi hutolewa mwisho, baada ya kahawa, na mgeni akishafukizwa huaga. Sayyid alicheka, hakuinuka.

"Msimlaumu, huyu wa Unguja. Kwao udi ni jambo jengine."

"Nnajua ya kwetu na nnajua ya kwenu," Zuwena akamwambia. "Ungekuja na kadhi, ungefukiziwa kwa ya kwetu."

Sayyid akaokota kilemba, akatoka hajakifunga. Kofia aliiacha. Ami aliivaa Ijumaa ile. Haikubana wala haikupwaya.

Kurudi, mimi nilitapika na Zuwena alilia, mpaka Bombay, na kutoka Bombay tena.

Wajukuu zangu, nyinyi mnapenda hadithi za mabwana wakubwa wanaotubu ukurasa wa mwisho. Huyu hakutubu. Tulisikia kaoa binti ami yake, na kofia anaagiza kwengine. Nami nilidhani mwanamke wa heshima ni yule asiyeungua. Zuwena aliungua mbele ya macho yangu, na chetezo hakikumponyoka mkononi.

Chetezo kile kipo kwangu. Mwanamme akija hapa kusifia macho ya mjukuu wangu na kadhi hakumtaja, kahawa asiisubiri.