Miaka Yangu Kwenye Rafu ya Vijana

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu mjini Meru alinikabidhi muhuri wa tarehe, kidau cha wino na rafu moja ya kutunza.

"Karimi, hii ni ya vijana," akasema. "Hapa tunajenga tabia."

Alikuwa mzee wa kanisa, tai imenyooka, na vitabu alivishika kwa upole kuliko alivyozungumza nasi.

Rafu hiyo ilikuwa na hadithi za Ulaya, za watoto wanaokula keki likizoni, na zile zetu mpya za baada ya uhuru: kijana mtiifu anapata karo, anasoma, anarudi kumjengea mama nyumba ya mabati. Hizi za pili nilizipenda, maana mimi mwenyewe nilisomeshwa na kahawa ya baba pale Nkubu.

Miaka miwili haikuisha, vikaingia vitabu vyembamba vya mapenzi na majambazi, kwenye jalada msichana mwenye afro na mwanamume mwenye bastola. Wasichana wa mtaa wa Kinoru walipanga foleni kabla hatujafungua mlango. Wengine walitoka mbali, Kianjai, kila Jumamosi. Mkutubi Mkuu akakasirika.

"Toa hii takataka yote. Jumatatu nisiione."

Nyuma ya kila kitabu tulibandika karatasi ya tarehe, na kila kilipoazimwa tuliipiga muhuri. Barua yangu ya kuajiriwa kwa kudumu ilikuwa bado mezani kwake, haijatiwa sahihi. Hata hivyo nilimpelekea vitabu viwili. Kile cha kijana mtiifu kilikuwa na mihuri mitatu. Kile chembamba kilijaa hadi tukabandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Bwana, vijana hawajaacha kusoma. Wameacha kusoma hiki."

"Kwa hivyo wewe ndiye unanifundisha kazi?"

"Hapana, bwana. Naomba usome kimoja tu."

Alikitia kile chembamba mkobani. Jumatatu alipita karibu na rafu bila kuitazama. Jumanne akaja mezani kwangu, macho yakiwa dirishani, akauliza kwa sauti ya chini, "Ile inayofuatia hii, iko?"

"Imeazimwa, bwana. Kuna watu sita mbele yako."

Barua yangu aliitia sahihi wiki iyo hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Embu, chini ya Mkuu wa Tawi, mama mnene mwenye kicheko kilichofika hadi barabarani. Wakati huo ukimwi ulikuwa unazika watu kila wiki, na hadithi zikabadilika tena. Sasa msichana wa kitabuni alikuwa akimuuguza mzazi na kupikia wadogo zake. Nilidhani hakuna kijana atakayetaka kusoma huzuni anayoiona nyumbani. Nilikosea. Vitabu hivyo vilitoka rafuni mbio.

Wanja wa kidato cha pili alikaa na kimoja zaidi ya mwezi. Nilimtumia barua mbili za kumkumbusha. Siku moja akaja amevaa sare ya shule, kitabu amekifunga kwa gazeti.

"Nilikuwa namsomea mama," akasema.

"Alikipenda?"

"Tulikuwa tumebakisha kidogo."

Nilielewa. Nikamuuliza kama yeye alimaliza peke yake, akatikisa kichwa kukataa. Mkuu wa Tawi alikuwa amesimama nyuma yangu, na siku hiyo hakucheka.

"Karimi, andika kimepotea," akasema. "Mwachie."

Nikaandika hivyo. Katika miaka yote ya kazi, hicho ndicho kitabu pekee nilichokiandikia uongo.

Nimestaafu nikiwa nimeona hadithi za majini, wachawi na shule za bweni zenye mizimu zikija na kupita rafuni. Watu huniuliza kama vijana wameacha kusoma. Mjukuu wangu Makena, anayeniita Cucu kama tunavyoita nyanya kwetu, huandika hadithi kwenye simu, kipande kila Ijumaa, na wasomaji asiowajua humgombeza kwa Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani. Juzi alinisomea jikoni nikimenya viazi. Nilielewa nusu. Lakini nilielewa vizuri kwamba nyanya wa hadithi alikuwa amekufa sura ya tatu.

"Mbona umemuua nyanya?"

"Ilibidi, Cucu. Stori ilikuwa inaboo."

Inaboo, yaani inachosha! Nilicheka hadi kisu kikaanguka. Kisha nikavuta kiti karibu naye, nikamwambia aendelee.