Mwonja Sentensi

Mwandishi wa maelekezo husoma kila sentensi yake kwa sauti ya chini, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayeonja chumvi. Anaeleza programu inayokagua data za hospitali kabla mawakala wa akili mnemba hawajazihifadhi: umri usipungue sifuri, mgonjwa asiruhusiwe kutoka hospitalini kabla ya kulazwa. Mawakala hao husoma maelekezo yake, na humo ameweka pia mfano wa kosa. Asubuhi moja fundi wa programu alimjia mbio.

"Dada, wakala ameuiga mfano wako wa kosa! Kamsajili mgonjwa wa miaka hasi tatu!"

Mwandishi akainuka kitini. "Na programu yetu?"

"Imemkatalia katakata."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Kisha akaongeza chini ya mfano: "Hili ni kosa, usiliige, mwanangu." Akaionja sentensi hiyo, akafuta "mwanangu", akaionja tena, akalirudisha neno hilo.