Vyuma vya Mama Nyufa

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimwita Mama Nyufa, na jina lilimkaa vizuri, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kuwafundisha vijana kusoma chuma kilichovunjika. Chuma kilichochoka polepole huacha mistari iliyopinda, inayoanzia sehemu moja na kuzidi kutanuka. Kilichokatika ghafla huwa na chengachenga kila mahali. Anayejua tofauti hiyo huwahi ufa wa lifti kabla haujaua mtu.

Siku hiyo mezani kwake palikuwa na vyeti ishirini na sita vikisubiri sahihi. Cha juu kabisa kilikuwa cha binti wa kaka yake, ambaye Jumatatu angeanza kazi ya kukagua lifti za hospitali. Mtihani alipata mia kwa mia, na shangazi mtu kichwa kilikuwa kimemvimba.

Asubuhi fundi wa gereji alileta ekseli iliyovunjika jana yake. Mama Nyufa akampa binti, kwa utani tu.

"Haya bingwa, nisomee."

"Imekatika ghafla, mwalimu." Hata kuigeuza hakuigeuza.

Mistari ilikuwa wazi kabisa. "Umejuaje?" Mama Nyufa akauliza.

"Haina kutu. Vipande vya kabatini tunavyojifunzia, vilivyochoka vyote vina kutu pembeni."

Alifungua kabati. Kweli tupu. Vipande vya kufundishia na vya mtihani ni vilevile tangu aajiriwe, na vilivyochoka vyote vimekaa droo moja, chini ya dirisha linalovuja. Miaka yote hiyo alikuwa anafundisha kutu.

"Siwezi kusaini," alisema.

"Shangazi, Jumatatu naanza kazi." Chuoni hakuwahi kumwita shangazi. "Kwani kosa ni langu?"

"Ni langu. Lakini wanaopanda lifti ni watu, mwanangu."

Binti akalia kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. "Na walionitangulia? Wako wangapi huko nje?"

Mama Nyufa aliogopa hata kuhesabu. Wengine wako kwenye mabasi, wengine kwenye boila za viwanda, na wote walifaulu vizuri. Akazishusha rejista za miaka yote, akashika simu.

Binti akavuta kiti, akafungua rejista ya kwanza, akaanza kumsomea namba za simu.